Mama Ukoo Anawaaga Matarishi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Septemba, mtafiti mkuu wa maabara ya ghorofa ya tatu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika taasisi yetu. Barua yake ya ajira ina jina refu lenye heshima zake zote, lakini hatukuwahi kulizoea. Kwetu sisi ni Mama Ukoo. Mkurugenzi, ambaye hupenda kila mtu atajwe kwa cheo chake kamili, alipambana na jina hilo kwa muda. Kisha siku moja, katikati ya kikao cha bodi, likamponyoka yeye mwenyewe mdomoni, na tangu hapo suala hilo likafungwa.

Jina alilipata kwa kazi yake. Ndani ya seli za mwili zipo protini ambazo wajibu wake ni kupokea habari mlangoni na kuzifikisha ndani: sukari imeingia, pana jeraha, wakati wa kugawanyika umefika, sasa inatosha. Mama Ukoo aliziita matarishi, kwa sababu zinafanya kile afanyacho tarishi wa ofisi. Haziandiki barua wala hazizijibu, lakini zikikosea mlango ofisi nzima inavurugika. Ukoo mmoja wa matarishi hao ndio alioushughulikia maisha yake yote ya kazi. Aliwafuatilia kuanzia kwenye hamira, ambamo tarishi mmoja anahangaika na kila shughuli, akapita kwa sifongo wa baharini, samaki na ndege, hadi kwa binadamu, ambaye ana matarishi chungu nzima, kila mmoja na kiungo anachokihudumia.

Walivyoongezeka alitueleza mara nyingi, na kwa furaha ile ile kila mara. Jeni hutokea ikanakiliwa mara mbili kwa bahati tu. Nakala moja inaendelea na kazi ya zamani. Ya pili, kwa kuwa haina anayeitegemea, inapata nafasi ya kujaribu mambo mapya. Miaka milioni kadhaa ikipita, ndugu wawili waliotoka tumbo moja wanaishi nyumba tofauti na kila mmoja ana tabia zake. Sura, hata hivyo, zinabaki kufanana. Kufanana huko ndiko kulikompa kazi, na ndiko kulikokuja kumtia majaribuni.

Alipoanza, maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, dirisha lisilofunguka na jokofu lililonguruma kama lori linalopanda mlima. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuchora ukoo wa matarishi ukutani, kutoka kwenye sinki hadi kwenye kizingiti cha mlango. Badala ya namba zinazotumika vitabuni aliandika babu, shangazi, mama mdogo, binamu, shemeji. Mgeni mmoja kutoka wizarani alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda, kisha akauliza kwa upole kama huo ni ukoo wa mtafiti mwenyewe.

"Ni wangu na ni wako pia, mheshimiwa," Mama Ukoo akamjibu. "Pale kwenye hamira ndipo tunapokutana."

Mheshimiwa alicheka, na mwaka uliofuata tukapata jokofu jipya.

Hapana budi nieleze kikao cha posa, kwa sababu bila hicho mengine hayaeleweki. Dawa nyingi ni molekuli ndogo inayokwenda kumkalia tarishi mmoja na kumnyamazisha. Taabu ni kwamba molekuli inayomkumbatia ndugu mmoja haioni haya kumkumbatia na mwingine, na mgonjwa aliyetibiwa figo anaweza kurudi analalamikia ini. Kwa hiyo Mama Ukoo aliweka utaratibu wa kila Alhamisi. Mkemia aliyeunda molekuli mpya anasimama mbele ya ukuta kama mposaji. Sisi wengine tunagawana ukoo, kila mtu anakuwa tarishi mmoja, na tunamhoji: ukija nyumbani kwetu utagusa nini, utakaa muda gani, utaondokaje? Jibu linalokubaliwa ni kipimo tu. Matumaini hayapokelewi.

Mwenzetu wa takwimu, ambaye akiwa mezani kwake huwezi kumsikia, alikuwa moto wa kuotea mbali akishika nafasi ya tarishi wa ini. "Kijana, mimi sitaki mgeni wa kuganda," aliwahi kumwambia mkemia. "Hapa kwangu watu wanapita." Naye mkemia wetu mkuu amesimama mbele ya ukuta ule, na kukataliwa, mara nyingi kuliko anavyopenda ikumbukwe. Ndipo akaitwa Bwana Harusi, jina analolibeba hadi leo akiwa na mvi na wajukuu. Mkewe alifika hapa siku moja na uso usio na utani, akataka kujua mume wake anamposa nani kazini kila Alhamisi. Mama Ukoo alimchukua mkono, akampeleka mbele ya ukuta na kumwonyesha. Mke wa watu akautazama kuanzia kwenye sinki hadi mlangoni, akasema, "Basi awaoe wote, mradi saa kumi na mbili awe nyumbani."

Katika ukoo ule kulikuwa na mmoja aliyemhusu Mama Ukoo kuliko wengine: tarishi wa figo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, kidogo kidogo, mpaka zinashindwa kazi. Katika aina inayopita kwenye familia ya Mama Ukoo, tarishi huyu hajui kunyamaza. Anazidi kuziambia seli zigawanyike hata pale ambapo hakuna aliyemtuma. Ugonjwa huo ulimchukua mama yake mzazi. Mama Ukoo alipimwa akakutwa hana. Mdogo wake wa kiume, pekee aliyezaliwa naye, alikutwa nao.

Mdogo wake huyo wengi wetu tunamfahamu. Ni seremala, na rafu zote za ghorofa ya tatu ni kazi ya mikono yake. Alikuwa akija kuzipima huku penseli iko nyuma ya sikio, akiutazama ukuta kwa jicho la pembeni. "Dada, hawa ndugu zako wanakula nini?" alikuwa akiuliza. "Maana miaka yote nawaona wamesimama tu." Dada naye humwambia apime mbao zake aondoke. Seremala ana binti mmoja, ambaye siku hizo alikuwa bado mdogo na ambaye vipimo vilionyesha kwamba naye amerithi.

Ilichukua miaka saba kupata molekuli inayoweza kumnyamazisha tarishi wa figo. Bwana Harusi aliileta mbele ya ukuta, ndugu wote wakaihoji, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeikataa. Panya waliopewa molekuli ile walipona vifuko, na mioyo, maini na mapafu yao yalikuwa salama salimini. Siku matokeo yalipofika, mwenzetu wa takwimu alipiga vigelegele kwenye korido, jambo ambalo halijarudiwa. Hospitali tunayoshirikiana nayo ikaanza kuandaa majaribio kwa binadamu. Mama Ukoo alijitoa mapema katika kila jambo linalohusu uchaguzi wa wagonjwa, na madaktari, kwa vigezo vyao wenyewe, wakamkubali seremala katika kundi la kwanza. Figo zake wakati huo zilikuwa bado zinajikokota. Daktari wake alimweleza bayana kwamba dawa ikianza mapema huenda zikaokoka, na ikichelewa hazitasubiri.

Hapo ndipo alipotokea daktari wa mifugo wa jengo la jirani. Alikuwa akimtibu mbwa wa mteja, mbwa huyo ana vifuko kwenye figo, akaomba tumlinganishie tarishi wa mbwa na wa ukutani kwetu. Ilikuwa kazi ndogo ya kusaidiana. Majibu yalipotoka, palipotakiwa kuwa na tarishi mmoja walikuwapo wawili, wamefanana kama mapacha.

Mama Ukoo alidhani sampuli imechafuka. "Daktari, huyu mbwa wako umemchanganya na nani?" alimpigia simu. Daktari wa mifugo, ambaye pia si mtu wa kuonewa, alijibu kwamba mbwa wake ana ukoo unaojulikana na akaleta damu nyingine. Wakatokea wawili tena. Mama Ukoo akamtazama ng'ombe, wawili, popo, wawili. Akarudi kwa binadamu, wawili. Kwa panya akamkuta mmoja tu, na pale alipopaswa kuwa pacha wake palikuwa na gofu la jeni, mabaki yaliyovunjika tangu zama za mababu wa panya.

Kosa letu lilikuwa hili, na sidhani kama mtu wa kazi nyingine angeweza kulifanya. Yule pacha wa binadamu hakuwa mgeni kwetu. Tulimwona zamani, tukamwandika kuwa ni nakala iliyoharibika isiyo na kazi, kwa kuwa panya, tuliyemtegemea kwa kila jibu, hakuwa naye na anaishi vizuri tu. Ukutani hakuchorwa. Kwa kuwa hakuchorwa, kwenye posa hakuna aliyeshika nafasi yake, na molekuli haikuulizwa kama itamgusa. Nao panya wasingeweza kutuonya, maana hawakuwa na cha kuumia.

Mama Ukoo alimtafuta pacha huyo katika viungo vya mwili, akamkuta kwenye moyo, akifanya kazi ya kulinda mwendo wa mapigo. Zikachukuliwa seli za moyo wa binadamu zilizokuzwa kwenye visahani, zile zinazodunda zenyewe chini ya darubini, zikawekewa molekuli yetu. Kwa muda zilidunda kama kawaida. Kisha mapigo yakaanza kujikokota, yakaruka, yakapotea. Tulikuwa wanne pale kwenye darubini, na kila aliyetazama alimpisha mwingine.

Kikao cha asubuhi iliyofuata nakikumbuka vizuri. Mkurugenzi aliuliza, na ilikuwa halali yake kuuliza, kama kiasi cha dawa kikipunguzwa moyo hautasalimika. Bwana Harusi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, ni miaka saba hii," alisema. "Na wewe kuliko sisi sote unajua nani anaisubiri."

"Najua," alisema Mama Ukoo. "Na ukuta niliuchora mimi."

Barua ya kusimamisha majaribio aliiandika mwenyewe na kuipeleka hospitali mwenyewe. Sababu aliieleza bila kuizungusha: kosa ni la ukoo alioupanga yeye. Kisha akaenda kwa mdogo wake, kabla habari haijamfikia kwa mtu mwingine. Yaliyosemwa huko tumeyapata kwa seremala, naye ameturuhusu tuyaandike.

"Yaani Dada, umenikatalia wewe mwenyewe?"

"Nimekukatalia mimi mwenyewe."

Seremala anasema alikuwa na hasira ambayo hakujua aitupie nani. Halafu akamtazama dada yake na kugundua kwamba tangu jana hajatia kitu tumboni. "Basi kaa ule kwanza," akamwambia. "Kugombana tutagombana baadaye."

Waligombana kweli, na ingekuwa uongo kuandika kwamba yaliisha kwa siku moja. Figo hazikusubiri. Zilishindwa kabisa mwaka wa pili baada ya barua ile, na seremala akaanza kwenda hospitali kufungwa mashine ya kusafisha damu, asubuhi tatu kwa wiki. Mama Ukoo alikuwa akimsindikiza anapoweza, kisha anakuja kazini na kuanza siku kama watu wengine. Hatukumsikia akijitetea. Tulichokiona ni kwamba neno "haina kazi" lilipigwa marufuku maabara, na aliyelitamka kuhusu protini yoyote alisafisha sinki wiki nzima. Mkurugenzi amelisafisha mara mbili.

Njia ya kutokea ilipatikana kwenye ukoo ule ule. Mapacha wale walitengana zamani sana, na Mama Ukoo alijiuliza: tangu watengane, kila mmoja amebadilika wapi? Aliwapanga mapacha wa figo wa kila mnyama aliyeweza kumpata upande mmoja, na mapacha wa moyo upande wa pili, akawasoma kipande kwa kipande. Karibu kila mahali walifanana. Lakini nyuma ya mlango wanapopokelea ujumbe aliona kishimo kidogo ambacho kwa pacha wa figo kimebaki vile vile kuanzia kwa samaki hadi kwa binadamu, na kwa pacha wa moyo kilizibwa mara tu walipoachana. Molekuli yetu ya kwanza ilikuwa ikikaa mlangoni, mahali ambapo mapacha hawatofautiani hata kidogo. Tulichohitaji ni molekuli itakayoingia kwenye kile kishimo na kukaa humo tu.

Bwana Harusi alianza upya. Sitawachosha na idadi ya alizozitupa. Hatimaye alipokuja mbele ya ukuta na aliyoiamini, pacha wa moyo alikuwa amekwisha kuchorwa mahali pake, kwa rangi nyekundu, na nafasi yake Mama Ukoo aliishika mwenyewe. Hakuna mposaji aliyewahi kuhojiwa vile. Alimtaka kipimo cha seli za moyo wa binadamu, akapewa; cha mbwa, akapewa; akamwambia akapime tena kwa dawa mara kumi zaidi, naye akatoa karatasi ya kipimo hicho, ambacho alikuwa ameshakifanya tayari, kwani alikuwa amemjua mkwe wake. Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ghorofa ya chini.

Majaribio kwa binadamu yanaendelea hospitali sasa hivi. Hatutadai zaidi ya tunachokijua. Ripoti ya kwanza, iliyotoka mwezi uliopita, inasema mioyo ya wote waliojitolea imetulia. Kuhusu figo bado wanapima. Binti wa seremala, ambaye sasa ni mtu mzima na ni mwalimu wa hesabu, ni mmoja wa wagonjwa katika kundi hilo. Anameza kidonge kila asubuhi bila kujua kama ni dawa au ni cha kulinganishia kisicho na dawa, na hapa kwetu pia hakuna anayejua, shangazi yake akiwemo.

Mengine aliyoyafanya yangejaza kijarida hiki kizima. Maabara kadhaa za nje sasa haziamini jibu la panya mpaka zimeuliza panya huyo amempoteza ndugu gani njiani, na utaratibu huo zimeuchukua kwetu. Vijana aliowafundisha wanaendesha maabara zao, na wawili kati yao, tumesikia, wamechora ukuta. Alitufundisha kumpigia simu aliyeleta sampuli kabla ya kuilaumu sampuli. Darubini hakuwahi kuiacha bila kuifunika. Chai yake ilipoa kila siku kwenye dirisha lile lisilofunguka, na kila siku alishangaa kuikuta imepoa.

Sasa niseme kwa nini anaondoka. Mkurugenzi alimwomba abaki kwa mkataba wa miaka mitatu, hadi majaribio yakamilike, na sisi tulimuunga mkono kwa kelele. Alikataa. Kwa ruhusa yake na ya mdogo wake, tunaieleza sababu.

Tangu mwaka ule figo ziliposhindwa, Mama Ukoo amekuwa akimwambia seremala achukue figo yake moja. Vipimo vilikubali zamani. Aliyegoma ni seremala. Alisema upasuaji utamtoa dada yake mezani kwa miezi, pengine kwa mwaka, na yeye hataki figo inayomchelewesha binti yake. "Wewe maliza ya mtoto," alikuwa akimwambia. "Mimi na mashine tumeshazoeana." Dada alibembeleza, akafoka, akawatuma wazee wa familia, akamtuma hata Bwana Harusi kwa kuwa ana uzoefu wa kuomba. Wote walirudi mikono mitupu. Mama Ukoo anasema ukaidi nao ni wa kurithi, ila yeye bado hajaipata jeni yake.

Wiki ile ripoti ya moyo ilipotoka, sote tulikuwa maabara simu yake ilipolia. Alisikiliza, akaishusha, akakaa kwenye kiti cha karibu ambacho hakikuwa chake. Alikuwa ni yule mwalimu wa hesabu, na alisema maneno matatu tu: "Shangazi, baba amekubali."

Jumatatu dada na mdogo wake wanalazwa wodi moja, vitanda viwili vinavyotazamana.

Mama Ukoo, taasisi hii inakushukuru kwa miaka uliyoipa, na sisi wa ghorofa ya tatu tunakushukuru kwa ile barua uliyoipeleka hospitali kwa mkono wako. Kazi ya binti tumeipokea, na tutaifikisha. Ingia chumba cha upasuaji na moyo mweupe, utoke salama, naye atoke salama. Tunawatakia nyote wawili nafuu ya haraka, afya njema na miaka mingi ya kugombana mkiwa mmeshiba.